Kifuniko cha Birika la Tsune

Kila asubuhi, kwa miaka kumi na minane, Bibi Tsune alikitoa kifuniko kwenye kabati la marehemu, pale wafu wa nyumba wanapochomewa ubani, akakifuta kwa kitambaa, akakiweka ukingoni mwa meko, upande uleule aliokaa Hatsue, mke wa mwanawe. Hakusema neno. Hatsue alikoroga supu ya miso, ile ya maharage ya soya, huku kile kifuniko kikimkodolea macho: kipande cha chuma cheusi chenye upana wa kiganja, na kishikio mfano wa tunda la msonobari. Chai ikishanywewa, Bibi Tsune alikirudisha kabatini. Kesho yake tena.

Mtu akikutukana utamjibu, au utazoea. Kifuniko utakijibu nini? Bibi Tsune alikufa mwaka wa 1961, na siku ile ya mwisho hakuomba maji wala daktari. Aliomba kifuniko, na aliyeagizwa kukileta ni Hatsue. Akakileta, akapiga magoti, akakiweka kifuani pa mama mkwe wake kwa mikono miwili kama adabu itakavyo. Na moyoni, tuseme ukweli, alitamani kumtwanga nacho.

Kifuniko kile kilikuwa na birika lake. Baba yake Tsune alikuwa fundi wa kusubu chuma kule Morioka, akamsubia bintiye birika la kuolewa nalo. Mwili mzima ulijaa vidoti kama mvua ya mawe, na kila kidoti fundi alikibonyeza kwa mkono ndani ya kalibu ya udongo kabla chuma hakijamiminwa. Mstari mmoja, chini ya mdomo wa birika, ulikwenda upogo. Huo aliubonyeza Tsune mwenyewe alipokuwa na miaka sita, na baba yake alikataa kuurekebisha.

Nyumbani kwa kina Iwabuchi, alikoolewa Tsune, birika lile lilikuwa na sheria zake. Ndani ya tumbo lake maji ya miaka mingi yalikuwa yameacha utando mweupe, na ole wake aliyetia kidole humo, kwa maana utando ndio unaozuia kutu na ndio unaoyapa maji utamu. "Ukilisugua tumboni umeliua," Bibi Tsune alimwambia Hatsue siku ya pili ya ndoa, hata kabla hajamwonyesha kisima kiliko. Usafi wake ulikuwa mmoja tu. Chai ya mwisho ikishamiminwa, unamwaga maji yaliyobaki, unaondoa kifuniko, unaliacha birika kwenye ndoano juu ya majivu mpaka likauke kwa joto lake. Kifuniko kinasubiri ukingoni.

Ndivyo lilivyokuwa likikauka adhuhuri ile ya Novemba 1943, kichwa wazi, Genzo Obonai alipobisha hodi.

Genzo alikuwa kiongozi wa nyumba kumi za mtaa ule wa kijiji cha Kamisawa, mwenye ukanda mweupe begani na sauti ya kuamsha maiti. Nyuma yake palikuwa na mkokoteni uliojaa sufuria, majembe, nondo za madirisha, hata ile kengele ndogo ya hekalu. Nchi ilikuwa vitani na vita vilikula chuma. Bibi Tsune alikuwa ameteremka kijitoni kuosha figili. Nyumbani alikuwepo Hatsue peke yake, miaka kumi na tisa, miezi sita ya ndoa, na mumewe Shigeo yuko kwenye visiwa ambavyo hata majina yake hakuweza kuyatamka.

"Mke wa Shigeo," Genzo alisema, macho yakiwa yameshafika kwenye meko. "Unamwombea mumeo?"

"Kila siku, mzee."

"Maombi mazuri. Lakini risasi hazitengenezwi kwa maombi, mwanangu. Lile pale ni risasi kumi, na risasi moja ni siku moja ya mumeo kupumua. Hesabu mwenyewe."

"Ni la mama. Labda tumsubiri arudi."

"Adui anamsubiri mama yako arudi?"

Hatsue akalitungua birika. Bado lilikuwa vuguvugu. Akalifunga kwa kitambaa chake cha harusi, akaliinua kwa mikono miwili, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Kifuniko hakukikumbuka kabisa. Alikuwa akihesabu siku kumi za Shigeo. Genzo naye alifanya jambo lililomtoa Hatsue machozi. Hakulitupa birika mkokotenini pamoja na mengine. "Hili nitalibeba mwenyewe," alisema, na akashika njia akiwa amelikumbatia. Hatsue aliona ile ni heshima! Kwa miaka thelathini aliamini kwamba yule mzee, angalau, aliliheshimu.

Bibi Tsune aliporudi na kapu la figili, aliiona ndoano tupu na kifuniko ukingoni. Akaketi na kapu likiwa bado mgongoni, maji yakimchuruzika. Akasema maneno ambayo hakuyarudia tena maishani: "Umetoa mwili, umeniachia kichwa."

Shigeo hakupumua hizo siku kumi. Mwaka wa 1945 lilikuja sanduku jeupe la mabaki yake, limefungwa kitambaa, na Hatsue alipolipokea alisikia kitu kikibingirika ndani. Lilikuwa jiwe. Genzo alisimama mbele ya watu akatoa hotuba ndefu juu ya lile jiwe, akaliita shujaa, na watu wakalia. Hatsue alilia pia. Alikuwa bado hajajua la kukasirikia.

Kaka yake alikuja kumchukua. "Huna mtoto, huna mume, unakaa kumtumikia mchawi yule kwa lipi?" Hatsue alikataa. Angeondokaje? Alikuwa ametoa birika la mtu, na birika halikumrudishia mume. Alijiona mkosaji, na mkosaji haondoki. Basi akabaki. Alilima mpunga wa watu wawili, akachoma mkaa msituni, akapasua kuni, akamkanda mama mkwe miguu kila jioni ya baridi. Walinunua birika la alumini, na Bibi Tsune kila alipolinywea alikunja uso, akasema, "Maji ya bati." Kisha akayanywa yote.

Baada ya mazishi ya Bibi Tsune, Hatsue alikwenda darajani mara tatu na kile kifuniko mfukoni, akitaka kukitupa mtoni. Mara tatu alirudi nacho. Akakiweka kabatini mbele ya picha ya marehemu, na hapo kikakaa.

*

Januari ya 1974 Genzo Obonai alitimiza miaka themanini na minane, umri ambao mtu huvalishwa kofia na kizibao cha manjano na kijiji kizima huja kumpigia makofi. Wanawake wa mtaa waliitwa kupika. Hatsue alikwenda na kisu chake na aproni yake, kama alivyokwenda kwenye kila harusi na kila msiba kwa miaka thelathini. Alikuwa na miaka hamsini, mabega mapana, na sifa ya mwanamke asiyesema.

Jikoni mlikuwa na mvuke wa wali wa maharage mekundu na kelele za Masa, jirani yake, ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo.

"Mzee kavaa manjano mpaka kofia," Masa alisema. "Nimemwona pale sebuleni nikadhani ni figili ya achari ya manjano."

Wanawake wakacheka kwa kujiziba midomo. Fumi, mke wa mtoto wa Genzo, hakucheka. Aliingia na bonge la kitu limefungwa taulo, macho mekundu kwa uchovu.

"Mama Hatsue, nisaidie, wewe unajua vitu vya kale. Hili birika likitiwa maji yanatoka mekundu. Jana nimelisugua ndani kutwa nzima kwa waya wa sufuria, na bado."

"Umesugua ndani!" Masa alipiga kelele. "Wee Fumi! Hata mimi nisiyejua kufunga mkanda wa kimono najua birika halisuguliwi ndani. Mama mkwe wako angekuwa hai angekutimua na mvua hii ya theluji."

"Lilikuwa kutu tupu! Limekaa ghalani sandukuni miaka yote, mimi mwenyewe sijawahi kuliona. Wiki iliyopita ndipo baba mkwe kaniambia nilitoe. Leo anamkabidhi mkuu wa mji, likawekwe kwenye nyumba ya makumbusho. Litaandikwa jina la ukoo wetu. Kuna na mtu wa gazeti."

Akafungua taulo. Birika lilikuwa limefunikwa kwa kifuniko cha shaba kilichokuwa kidogo mno, kikicheza kila mkono ulipotikisika.

Hatsue aliweka kisu chini. Vidoti vile mabirika mengi yanavyo, hakuna ajabu. Lakini kidole chake kilikwenda chenyewe chini ya mdomo wa birika, na hapo kikaukuta mstari, na mstari ulikuwa upogo.

"Limetoka wapi?" aliuliza.

"Si la ukoo? Ndivyo mzee alivyosema."

Hatsue aliinuka. Alivaa viatu vyake mlangoni akatoka na aproni vilevile, bila koti, theluji ikimfika magotini. Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Genzo alikuwa amejichukulia miaka thelathini, akaona haitoshi, sasa anataka na picha gazetini. Hatsue alitembea huku akisema peke yake kwa sauti, maneno ambayo hakuwahi kuyasema mbele ya mtu, na mbwa wa jirani alimwona akanyamaza. Nyumbani alifungua kabati, akachukua kifuniko, hakuchoma ubani, hakuinama. Akarudi kwa alama zake zilezile za miguu.

Sebuleni kwa Genzo watu walikuwa wameketi mistari miwili. Mkuu wa mji alikuwa na ua la karatasi kifuani. Genzo alikaa mbele, mdogo ndani ya manjano yake, na birika lilikuwa mbele yake juu ya mto mweupe. Mpiga picha alikuwa akiwaambia wasogee. Hatsue alipita katikati ya mistari ile miwili na theluji kichwani, akapiga magoti.

"Mzee Obonai, hongera kwa kutimiza themanini na minane."

"Asante, mwanangu, asante. Kaa ule wali."

"Nimekuja kufunika birika."

Akakitoa kile cha shaba akakiweka kando. Akashika kifuniko cha Tsune kwa kishikio chake, akakiteremsha, akakizungusha kidogo kulia. Kikaingia. Kilisema *tik*, sauti ndogo tu, lakini hapakuwa na mtu pale ambaye hakuisikia. Hatsue akaliinua birika akalitikisa huku na huku. Kifuniko hakikucheza.

"Haa! Kimekaa!" Masa alisema kutoka mlango wa jikoni.

Tadao, mtoto wa Genzo, alicheka kicheko cha mtu anayetafuta pa kujificha. "Mama Hatsue, mabirika haya yanafanana, bwana. Hata kule kwa kina—"

"Mabirika yanafanana. Vifuniko havifanani. Na huu mstari hapa aliuharibu mama mkwe wangu akiwa mtoto. Njoo uweke kidole, Tadao. Njoo."

Tadao hakuja. Watu wote walimtazama mzee. Genzo aliinua kidevu, na ile sauti ya zamani ikamrudia kidogo.

"Lingeyeyushwa," alisema. "Yale mengine yote yaliyeyushwa, hata kengele ya hekalu. Nililitazama nikasema hii ni dhambi, kazi ya fundi kama hii. Nikalificha, na ningekamatwa ningefungwa. Mimi nililiokoa birika lenu."

Sebule nzima ikashusha pumzi. "Kumbe," mtu mmoja alisema. Mkuu wa mji akatikisa kichwa kwa huruma, na mpiga picha akatoa kidaftari, maana hadithi ilikuwa imeanza kuwa tamu. Na hapo, Mungu shahidi, mgongo wa Hatsue ukaanza kuinama wenyewe. Miaka hamsini ya kushukuru na kuomba radhi ilikuwa ndani ya mgongo ule, ulijua njia. Paji la uso lilikuwa limefika katikati alipoona kivuli chake kwenye mkeka. Ndipo hasira ikampanda mpaka masikio yakavuma. Alikuwa karibu amshukuru mwizi! Akajinyoosha.

"Vita vilikwisha mwaka gani, mzee?"

Genzo aliirekebisha kofia yake ya manjano.

"Vilikwisha miaka miwili baadaye. Uliliokoa, vizuri. Mbona hukulirudisha?"

"Mambo yalikuwa magumu wakati ule..."

"Mama Tsune alipokufa ulikuja msibani. Ulikaa mbele ya kabati ukachoma ubani. Kifuniko hiki kilikuwa pale, mbele ya pua yako. Ulikiona, hukukiona?"

"Baba ni mzee," Tadao alisema. "Tafadhali. Leo ni siku yake."

"Alikuwa na miaka sabini na mitano siku ile, na macho mazima. Ulikiona?"

Genzo alikitazama kifuniko. "Nilikiona," alisema.

Masa, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakusema kitu.

"Ningelirudisha vipi?" Genzo alisema, na sasa ilikuwa sauti ya mzee mdogo. "Ningebisha hodi niseme nini? Nilichukua vyuma vya nyumba zote. Wangesema Obonai alikuwa anaiba. Nilikuwa na jina, mwanangu. Na leo nalitoa kwa watu wote waone, kwa moyo safi, na wewe unaniaibisha. Shukrani ya punda ni mateke."

"Ndiyo. Na hili ndilo teke." Hatsue alifungua kifuniko, akatia kidole tumboni mwa birika, kule ambako alikatazwa siku ya pili ya ndoa yake, akakitoa chekundu. Akakifuta juu ya mto mweupe, taratibu, mstari mmoja mrefu. "Hiki ndicho ulichookoa. Birika lisipochemshwa linakufa. Umeliua sandukuni ili jina lako lisipate doa. Na mimi kwa ajili ya hilo jina nimewekewa kifuniko mbele ya bakuli langu asubuhi elfu sita. Niliitwa mpumbavu bila kuitwa. Nilimkanda miguu mwanamke aliyenichukia, nikaona ananichukia kwa haki. Ungesema neno moja tu. Hata ungeliacha kizingitini alfajiri ukakimbia!"

Alikuwa akipiga kelele. Hakuna aliyewahi kuisikia sauti yake ikiwa hivyo, hata yeye.

"Mama," mkuu wa mji alianza, "jambo hili tunaweza kulizungumza vizuri. Labda kwenye kibao tuandike majina ya koo zote mbili..."

"Andika unachotaka. Birika halipo."

Akalichukua. Tadao alinyanyuka nusu, akamtazama baba yake, akaketi. Mlangoni Fumi alikuwa ameshapiga magoti. Alikuwa amevigeuza viatu vya Hatsue, ncha zikiangalia nje, kama anavyofanyiwa mgeni wa heshima, na mikono yake ilikuwa myekundu kwa waya wa sufuria. Hatsue alivivaa. Nyuma yao mzee aliuliza kama picha bado itapigwa.

*

Nyumbani Hatsue aliwasha meko kabla ya kuvua aproni. Alijaza birika maji, akatia konzi mbili za majani ya chai ya kijani, akalitundika kwenye ndoano. Kutu haikwanguliwi, inachemshwa na majani mpaka inyamaze. Hilo pia Bibi Tsune alimfundisha, zamani, kabla ya kifuniko. Maji yakageuka meusi kama wino. Akayaacha yakachemka saa nzima, kisha akafungua kabati la marehemu. Bibi Tsune alimtazama kutoka kwenye fremu kwa uso uleule wa maji ya bati.

"Mama, hilo hapo," Hatsue alisema. "Mwili na kichwa. Sikulipeleka vitani, liliibiwa, na aliyeiba ulimkaribisha chai kila mwaka mpya kwa mikono yako. Sasa wewe uniombe radhi."

Meko yalitoa mlio wa kuni. Theluji iliteleza kutoka paani ikaanguka uani. Hatsue alisubiri kwa dhati, magoti yakiuma, kana kwamba picha ingefumbua kinywa.

"Sawa," alisema mwishowe. "Subira ulinifundisha mwenyewe."

Katika nyumba zile maji ya kwanza ya asubuhi ni ya marehemu, ndipo walio hai wanywe. Hatsue hakuivunja desturi. Alimimina kikombe cha kwanza, cheusi, chenye harufu ya misumari, akakiweka mbele ya picha kwa mikono miwili. Kesho yake akachemsha majani mapya, akamimina tena, safari hii rangi ya matope. Kila asubuhi kikombe cha kwanza kilikuwa cha mama mkwe, na Hatsue alikaa mbele yake bila kusema neno mpaka kipoe. Yeye mwenyewe alikunywa kutoka birika la alumini.

Hivyo siku ishirini. Siku ya ishirini na moja maji yalitoka meupe. Hatsue aliyanusa, akakisogeza kikombe kwenye mwanga wa dirisha, akatafuta wekundu, hakuuona. Akamtazama Bibi Tsune. Kisha akakiinua kikombe cha kwanza akakinywa yeye.